Mstari wa Kijani kwenye Vyumba vya Chini

Kinoo,
Jumamosi, 11 Januari 2025

Kwa binti yangu Nyawira,

Salamu zikufikie huko Lodwar kwenye jua lako. Sisi huku tu wazima, ukiondoa goti langu la kushoto, ambalo mnafahamiana, na jogoo wa mama yako, ambaye amezeeka na bado anawika saa mbaya kwa makusudi. Mama yako anasema ile sweta uliyosahau kwenye kamba imekauka, imekunjwa, na usidhani hakuona kwamba uliisahau kwa hasira.

Utashangaa kupata barua. Mama yako ameamua mimi na wewe tusipigiane simu tena mpaka atakapotoa ruhusa. Anasema tangu Krismasi salamu zetu hazichukui hata nusu dakika, kinachobaki ni kelele, na presha yake si ngoma ya watu wawili kupiga. "Andikianeni," amesema. "Kwa karatasi mtu hawezi kupiga kelele." Mimi nilipanga barua Posta mpaka nikastaafu, kwa hivyo hukumu hii haikuniumiza hata kidogo. Hata nimefurahi. Nimepata sababu ya kwenda mjini kufungua sanduku langu pale Posta Kuu na kuonekana na watu.

Sasa tuje kwa yale ya Krismasi. Ulisimama mbele ya wageni, nyama ikiwa bado midomoni mwao, ukasema vyumba vyangu vya chini, vile vya bondeni, vibomolewe kabla ya mvua kubwa ya Aprili, ati dunia inapata joto na mvua za siku hizi hazina adabu. Mzee Ochola alinitazama. Pasta alinitazama. Hata Naliaka, mpangaji wetu anayeuza sukuma wiki soko la Kangemi na ambaye ndiye anayeishi kwenye vyumba hivyo na wasichana wake, alinitazama kana kwamba nimemuuzia mbuzi mgonjwa.

Nyawira, mimi nimeziona mvua. Niliiona El Nino ya tisini na saba nikiwa na buti za Posta miguuni, na hakuna aliyenijia akiniambia habari za tabianchi. Mwaka jana maji yalipoingia kwa Naliaka yalifika kwenye vifundo vya miguu, na sababu yake inajulikana: kalavati ya barabarani ilizibwa na magunia. Hilo ni tatizo la magunia. Lakini siku hizi kila kitu ni joto la dunia. Kuku akikosa kutaga, joto la dunia. Na wanaotuhubiria wanapanda ndege kwenda kujadili moshi! Leo mtu anaambiwa aondoke kando ya mto kwa ajili ya tabianchi, na mwaka ujao ukipita hapo unakuta ghorofa ya mtu mwingine. Hilo sikusoma popote, hilo nimeliona kwa macho haya.

Kwa hivyo tuweke dau. Nimechukua ile rangi ya kijani tuliyopakia geti, nikachora mstari kwenye ukuta wa vyumba vya chini, kidogo tu chini ya dirisha la Naliaka. Mvua kubwa ikifikisha maji kwenye mstari huo, nitabomoa vyumba kwa mikono yangu. Yasipofika, Krismasi ijayo utasimama mbele ya wageni walewale useme, "Baba alikuwa sahihi." Kwa sauti ya kusikika.

Najua umebeba jina la mama yangu, na kwa desturi yetu wewe ndiwe mama yangu, ndiyo maana nakuita Maitu tukiwa na raha. Lakini kwa habari ya ukuta wangu, mimi ndimi baba.

Baba yako,
Dedan Njuguna


Lodwar,
2 Februari 2025

Mpendwa Baba,

Barua yako imenifikia, na nimecheka mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna mgeni. Pole kwa goti. Mwambie Mama sweta niliisahau kwa kusahau tu, hasira ilikuwa ya mambo mengine. Huku ni joto ambalo ukiweka ndoo ya maji nje asubuhi, mchana unaweza kukorogea uji. Kazi inaendelea. Tunapima mvua, yaani tunaisubiri na vipimo mkononi, kisha tunatangaza redioni ili wafugaji wajue wahamie wapi.

Dau lako nimelikubali. Lakini nimekaa nikaufikiria huo mstari, Baba, na kuna jambo nataka ulione. Dirisha la Naliaka liko juu kuliko kitanda cha wasichana wake. Mimi nimekaa kwenye kile kitanda nikiwafundisha hesabu, nakijua. Maana yake maji yanaweza kuwafunika wakiwa wamelala na wewe bado hujashindwa. Dau tumeweka mimi na wewe, mbona atakayelowa ni Naliaka?

Hayo ya El Nino sikatai. Mvua kubwa zilikuwepo. Zamani zilikuja mara moja moja, na watu wakapata nafasi ya kusahau. Siku hizi hawapati hata nafasi ya kukausha godoro. Na ya ghorofa pia sikatai, mimi mwenyewe nimeziona. Watu wabaya wanaweza kulitumia jambo la kweli kufanya uongo wao. Hilo halifanyi jambo lenyewe kuwa uongo.

Halafu kuna hili, na hili si la vitabuni. Pale chini Cucu, mama yako, alikuwa analima nini? Nduma. Miaka yote, kiangazi na masika, nduma. Sikumbuki hata siku moja akizimwagilia. Na nduma, Baba, unajua zinavyopenda maji. Wewe ulizing'oa mwaka aliofariki, ukamwaga simiti. Mtu akijenga juu ya shamba la nduma hahitaji mtaalamu kutoka ng'ambo kumweleza kitakachotokea.

Sisemi ubomoe leo. Nasema wahamishe Naliaka na watoto kabla ya Aprili. Baada ya hapo mstari wako ukae hata kwenye paa, tutacheka wote.

Binti yako,
Nyawira


Kinoo,
28 Februari 2025

Kwa Nyawira, mama wa maneno mengi,

Huku tu salama. Goti limepata nafuu, jogoo hajapata. Mama yako amekuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, kwa hivyo sasa tunapika kwa ratiba. Wasichana wa Naliaka wanakuulizia, wanasema hesabu zimeharibika tangu uondoke.

Barua yako niliichukua nikaisoma papo hapo kwenye ngazi za Posta, kisha nikaenda Adams Arcade kukutana na Ochola. Unamjua Ochola, tangu aache kazi ya bima hana la kufanya ila kusikiliza habari za dunia nzima na kuzichemsha upya. Alikuwa ameniagizia chai na sambusa, uso wote meno. Akaniita mwenyekiti kwa Kijaluo, kama kawaida yake: "Jakom, umeskia? Wale wakubwa wa dunia wenyewe wametoka kwa ule mkataba wa climate! Wamesema ni uongo mtupu, na pesa wamefunga!" Nyawira, nilikula sambusa zangu na zake. Miaka yote hii mmekuwa mkituambia dunia nzima imekubaliana, tumebaki wazee wawili wa Adams Arcade. Kumbe tulikuwa tumetangulia tu!

Sitaki kukutia uchungu. Lakini ukweli ukianza kutoka lazima utoke wote.

Habari ya kitanda nimeisoma. Nilienda kuangalia. Ni kweli kitanda kiko chini ya mstari, lakini si sana. Nimemwambia Naliaka akiwekee matofali miguuni. Akaniambia, "Mzee, nikiweka matofali si watoto watakuwa wanalala kwa ceiling?" Huyo mwanamke ana mdomo. Kuhusu kuhama, nimhamishie wapi? Vyumba vya juu vimejaa, na akienda kwingine atapandishiwa kodi mpaka akome. Mvua hata haijanusa.

Na nduma za mama yangu usizitaje tena. Zilikuwa zinaleta mbu.

Halafu barua yako hii ilikuwa kwenye karatasi nzuri ya ofisi, yenye jina la shirika juu. Hiyo nimemwonyesha hata pasta. Uniandikie kwenye hiyo tena.

Baba yako,
Dedan Njuguna


Lodwar,
10 Machi 2025

Mpendwa Baba,

Natumai nyote hamjambo. Mwambie Mama hongera za uenyekiti. Waambie wasichana wafanye hesabu za ukurasa niliowawekea alama, na wasimuulize Guka, babu yao wa Kinoo, atawafundisha vibaya kwa makusudi.

Karatasi za ofisi zimeisha. Naandika tu kwenye hii ya daftari, inasomeka vilevile. Na tafadhali usiniulize habari za kazi kwa sasa. Nimefurahi sambusa zilikuwa nzuri.

Utabiri unasema mvua ya huko itaanza mwisho wa mwezi huu, na itakuwa nyingi. Nimechoka kubishana, Baba. Tangu nizaliwe umeniita Maitu. Nikiwa mdogo ulinipa kiti cha Cucu, ukawa unanisalimu kwa heshima mbele ya wageni, wakacheka, nikacheka. Sijawahi kuutumia ukubwa huo hata mara moja. Hata siku ile ulipokataa nisome mambo ya hali ya hewa na kutaka nisome uhasibu, sikuutumia.

Leo nautumia. Dedan, mimi mama yako ninakuagiza: mtoe yule mwanamke na watoto wake kwenye lile bonde kabla ya mvua. Usiniambie unaamini nini, sikukuuliza. Watoe.

Mama yako,
Nyawira


Kinoo,
12 Aprili 2025

Kwa Nyawira,

Salamu nyingi. Mvua imekuja, kama unavyosikia kwenye redio, na imekuja vizuri, mahindi ya jirani yamesimama wima. Mama yako anawaongoza akina mama kwa mkono wa chuma. Jogoo tumemla. Alikuwa mgumu hata kwenye sufuria.

Kanisani tumepata mpiga kinanda mpya, kijana wa Kangemi, anapiga haraka mno. Barabara ya kwenda kwa Ochola ilikuwa na maji wiki iliyopita, kwa hivyo sikwenda Adams Arcade, na kusema kweli sikuwa na hamu. Timu yangu imeshindwa tena.

Barua yako ya Machi niliipata Ijumaa moja pale Posta. Ninataka liandikwe kwamba mimi sipokei amri kuhusu ukuta wangu. Ukuta ni wangu.

Kuhusu dau letu: mstari wa kijani uko pale, unaonekana vizuri kabisa, na maji hayajaufikia. Hilo pia liandikwe.

Jambo lingine dogo. Lile blanketi lako zito la bluu uliliweka wapi? Ni kuuliza tu. Na zile picha za kwaya ulizobandika chumbani kwako, zikitolewa kwa muda utakasirika? Pia ni kuuliza tu. Na mbona huandiki habari za kazi? Mtu anaweza kubishana na kazi ya mtoto wake na bado akataka kujua inaendeleaje.

Baba yako,
Dedan Njuguna

Nyawira, mimi ni Mama, naongeza hapa chini yeye akitafuta bahasha. Mstari wa kijani uko juu ya dirisha. Ulikuwa chini ya dirisha. Mimi sijasema kitu.


Lodwar,
30 Aprili 2025

Baba,

Sitaanza na salamu ndefu. Mshukuruni Mungu kwa mvua, na poleni kwa jogoo.

Umeusogeza mstari! Mtu mzima, mzee wa kanisa, umechukua brashi ukapanda ngazi na goti lako bovu, ukachora mstari mwingine juu ya dirisha. Nimelia, halafu nimecheka, halafu nimelia tena. Kama maji yalivuka ule wa kwanza, basi yalipita kitanda cha wale watoto. Naliaka yuko wapi? Barua nzima umeniandikia habari za kinanda. Yuko wapi?

Na picha zangu za kwaya, zitoe. Nimeelewa. Unataka kukipangisha chumba changu. Ni nyumba yako, na mimi ni mtu mzima mwenye kazi yake.

Isipokuwa sina kazi. Nilikuwa nimeamua kutokuambia. Wale wakubwa mliowashangilia wewe na Mzee Ochola, pesa walizofunga ndizo zilizokuwa zinatulipa. Mwisho wa Februari walituita, wakatusomea karatasi kutoka huko mbali, na kabla ya chakula cha mchana ofisi ilikuwa imefungwa kufuli. Kwenye redio sasa wanaweka muziki mahali pa utabiri wetu. Wafugaji wananiuliza njiani, "Nyawira, tuhamie wapi?" na mimi nina kipimo kimoja tu cha mvua, cha plastiki, kilichokuwa changu mwenyewe. Ninakisoma kila asubuhi na kuwaambia wanaopita.

Ule utabiri wa Machi sikuutoa ofisini. Hakukuwa na ofisi. Niliupata kwa mwenzangu wa zamani, nikakutumia kwa sababu ninyi ndio watu pekee waliobaki ambao ningeweza kuwaambia mvua inakuja.

Kwa hivyo umeshinda dau, Baba, hata bila kusogeza mstari. Dunia imekubaliana nawe. Nilitaka kurudi nyumbani nipumzike kidogo, lakini nadhani nitatafuta chumba Kangemi.

Nyawira


Kinoo,
Jumamosi, 17 Mei 2025

Kwa mama yangu Nyawira,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi za Posta, na mlinzi akaniletea kiti. Sikumbuki kama nilimshukuru. Mama yako ameisoma baada yangu, akanitazama, akaenda jikoni kuosha sufuria zilizokuwa safi. Ungekuwepo ungejua hilo ni baya kuliko kelele.

Nitakueleza yote, na usinikatize.

Barua yako ya kuniagiza niliipata Ijumaa. Nilikasirika njia nzima mpaka Kinoo. Jumapili baada ya ibada niliwaita vijana wa kanisa, tukashuka kwa Naliaka na mkokoteni. Akasimama mlangoni na mwiko mkononi. "Mzee, si ulisema hii maji haiwezi fika hapa?"

"Haiwezi," nikamwambia.

"Sasa mbona tunahama?"

"Tunahama kwa sababu mama yangu amesema."

"Lakini mama yako si alikufa? Si ulituambia hizi nyumba ulijenga mwaka huo?"

"Huyu ni mwingine. Huyu yuko Lodwar na ni mkali zaidi. Toa sufuria."

Kwa hivyo mvua ilipokuja ilikuta vyumba vitupu. Na ilikuja, Maitu. Nilishuka asubuhi na mwavuli nikasimama kwenye njia ya juu. Ule mstari sikuuona. Nilikaa pale nikingoja maji yashuke niuone, na yalipokuwa yanashuka nikawa nafikiria kile kitanda. Halafu maji yalipoisha, nilichukua rangi nikachora mwingine juu. Usiniulize kwa nini. Nilikuwa nimeogopa sana, na sikutaka mtu aone, wewe hasa. Mama yako ameniona, kama kawaida yake.

Sasa mambo ya kazi yako. Juzi nilienda Adams Arcade. Ochola alikuwa amesikia habari nyingine ya kufungwa kwa ofisi za tabianchi, akaniagizia sambusa tena tusherehekee. Nikamwambia, "Ochola, Nyawira wangu alikuwa kwa hiyo kazi."

Akasema, "Woi, pole sana, ndugu. Lakini si wewe ulikuwa unasema ni uongo?"

"Nilisema ni uongo," nikamjibu. "Sikusema wamfute mama yangu kazi!" Nilisema kwa nguvu, watu wa meza za nje wakageuka. Sambusa nikaziacha pale. Ochola alinifuata mpaka stendi akiwa amezifunga kwenye gazeti, akanipa, akasema nikuletee salamu. Ni mtu mzuri, ila anasikiliza redio sana.

Bado siamini, na sitaki uje ukifikiri umeniokoa kwa imani yako. Kalavati ile ingezibuliwa, tungeona. Nimeandika barua kwa wahusika na nitaandika nyingine. Lakini dau ni dau, na mstari wa haki ulikuwa ule wa kwanza. Vyumba vya chini nimeanza kuvibomoa, vijana wanabeba mawe nami naelekeza nikiwa nimekaa. Mama yako ametafuta mbegu za nduma kwa dada mmoja wa kanisani. Tutapanda mwezi ujao, na nakuhitaji, kwa sababu Cucu alikufundisha wewe nafasi za kuachia mashimo, mimi alinifukuza nisimkanyagie.

Chumba cha Kangemi usitafute. Rudi nyumbani. Tatizo ni kwamba kitanda chako kina watu. Naliaka na wasichana wamo humo tangu ile Jumapili, na blanketi lako la bluu tulilipata. Picha za kwaya zilitolewa kwa sababu wasichana walisema zinawatazama wakilala. Wewe utalala na mama yako, mimi nimeshahamia kwenye kochi. Ruhusa ya simu imetolewa, lakini nimeona niandike, kwa sababu kwenye simu hungenisikiliza mpaka mwisho na mimi nisingeyasema haya.

Na kile kipimo chako cha plastiki, usikiache huko. Mwachie mtu wa huko namba ya simu ya mwenzako wa utabiri, ili wafugaji wapate wa kumuuliza, lakini kipimo uje nacho. Tutakisimamisha pale chini, katikati ya nduma. Nitakuwa nakisoma mimi mwenyewe kila asubuhi, maana wewe nakujua, utaongeza.

Mwanao,
Dedan